Vipande vya njano vilivyotoka ardhini: sandarusi, kaharabu na kazi zake nyumbani

Swali: Mimi ni fundi seremala, ninaishi Kibiti mkoani Pwani. Vijana waliokuwa wakichimba shimo la choo katika shamba la mikorosho la marehemu babu yangu walitoa vipande kadhaa vya njano, vyepesi, vimefunikwa ganda jeupe la vumbi, na ganda likiondolewa uso wake una vipele vidogo vidogo. Mjomba wangu anasema ni sandarusi. Jirani anasema ni kaharabu na kwamba nimeokota mali. Naomba kujua ni kitu gani hasa, kina sifa gani, kinafaa kwa kazi gani za nyumbani, na kama nikikichemsha na mafuta nitapata vanishi ya kupaka samani ninazotengeneza.

Jibu: Ndugu fundi, kwa maelezo uliyotoa mjomba wako yuko sahihi. Mahali ulipo, kina cha shimo, ganda la vumbi na hasa vile vipele vinaelekeza kwenye sandarusi iliyokaa ardhini kwa muda mrefu, na nitakueleza namna ya kujihakikishia mwenyewe bila kifaa cha maabara. Swali lako la mwisho nalijibu mapema kwa sababu linahusu usalama wako: tafadhali usikichemshe. Ugumu ulioifanya sandarusi ya pwani yetu itafutwe na watengeneza vanishi wa Ulaya na Marekani ndio unaoifanya isiweze kupikwa katika karakana ya kawaida, na karibu kila jambo nitakalokuambia hapa chini linatokana na ugumu huo.

Sandarusi hutoka katika msandarusi, ambao sehemu nyingine huitwa mtandarusi, na kwa jina la kitaalamu ni Hymenaea verrucosa. Ni mti wa jamii ya kunde, na katika jamii hiyo uko karibu na mkwaju na mkongo, mti ambao wewe kama seremala unaufahamu vizuri. Hukua katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji, na pia Madagaska. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Malindi, kwa mfano, mkongo na msandarusi husimama pamoja. Utautambua kwa majani yake yanayoota mawili mawili juu ya kikonyo kimoja, na kwa tunda lake gumu lenye vinundu vilivyojaa utomvu, ambalo halipasuki lenyewe linapokauka. Gome likijeruhiwa na upepo, na mdudu au na panga, mti hutoa utomvu unaofunika jeraha na kuzuia wadudu na kuvu wasipenye. Utomvu huo ukikauka juu ya shina au ukidondoka chini ya mti, ndio mwanzo wa sandarusi.

Hapa inafaa tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wengi huvichanganya. Miti hutoa gundi, na miti hutoa utomvu wa aina ya sandarusi, na tofauti kati yao inaonekana ukitumbukiza kila kimoja katika maji. Gundi ya mgunga, hasa ile ya kikwata inayotumika viwandani katika vinywaji na peremende, ni ya jamii ya sukari zilizoungana, kwa hiyo huyeyuka katika maji. Sandarusi haiyeyuki katika maji hata ikikaa humo mwaka mzima, kwa sababu viambato vyake ni vya jamii moja na mafuta ya harufu yatokayo katika mimea, ambayo hayachanganyiki na maji. Ubani na manemane viko katikati: ndani yake mna gundi na utomvu kwa pamoja, na ndiyo maana ukisugua ubani katika maji hupata rangi ya maziwa. Sehemu moja imeyeyuka, na nyingine imebaki ikielea ndani yake kwa chembe ndogo mno. Kwa hiyo mtu akikuuzia sandarusi inayolainika na kunata katika maji, amekuuzia gundi.

Utomvu unapotoka mtini huwa laini, unanata na una harufu kali, kwa kuwa umechanganyika na mafuta mepesi yanayoruka hewani. Siku za mwanzo mafuta hayo huondoka na utomvu hukauka kwa nje. Baada ya hapo huanza jambo la polepole zaidi, nalo ndilo lenye maana kubwa. Viambato vinavyobaki, kikiwemo kile ambacho wanakemia walikipa jina la asidi ya zanzibari kwa heshima ya bandari ulikopitia utomvu huu, hushikana kimoja na kingine na kufanya minyororo mirefu, na kadiri minyororo inavyoongezeka ndivyo kipande kinavyozidi kuwa kigumu, kinavyokataa kuyeyuka katika spiriti na kinavyohitaji joto kubwa zaidi ili kilainike. Mchakato huo ukiendelea ardhini kwa mamilioni ya miaka, katika mazingira yanayofaa, matokeo yake ni kaharabu. Kaharabu ya bahari ya Baltiki ina umri unaokadiriwa kuwa karibu miaka milioni 40. Sandarusi ya Afrika Mashariki ni changa sana mbele yake: vipimo vya kaboni vimeonyesha kuwa vipande vingi vina umri wa maelfu machache ya miaka, au mamia tu, na baadhi havifiki hata hapo. Hilo ndilo linalonifanya nimkatalie jirani yako kwa uhakika, kwani kaharabu na sandarusi ni hatua mbili za safari moja, na udongo wa shamba la babu yako haujakaa na utomvu huo kwa muda wa kutosha kufika hatua ya pili.

Wachimbaji na wanunuzi wa zamani walijua tofauti za umri kwa macho na kwa mkono, bila kemia. Utomvu uliotolewa juu ya mti, au uliookotwa karibu na uso wa ardhi ukiwa haujakomaa, waliuita chakazi, na bei yake ilikuwa ndogo. Sandarusi iliyokomaa ilichimbwa chini ya udongo mwekundu wa kichanga, mara nyingi mahali ambapo hapana msandarusi hata mmoja uliosimama, jambo lililowashangaza wageni. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita katika nchi ya Wazaramo mwaka 1857, aliandika kwa kirefu kuhusu mashimo hayo na kuhusu aina zenyewe. Miaka michache baadaye, John Kirk, daktari aliyekuwa katika ubalozi mdogo wa Uingereza huko Unguja na aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, alilinganisha mabaki yaliyonaswa ndani ya vipande vilivyochimbwa na msandarusi ulio hai, akaonyesha kwamba chanzo ni mti uleule. Kwa maneno mengine, mahali ulipo mkorosho wa babu yako leo, zamani palikuwa na msitu wa misandarusi.

Vile vipele ulivyoviona ni alama inayojulikana ulimwenguni kote kwa wanaojua bidhaa hii. Ganda la nje la sandarusi iliyozikwa huharibika kwa hewa na unyevu na kugeuka vumbi jeupe, na chini yake hubaki uso wenye chembechembe zilizosimama, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa manyoya. Chakazi haina vipele hivyo. Uso wake ni laini, wakati mwingine wenye alama za gome. Zamani ganda hilo liliondolewa kwa kuloweka vipande katika maji yenye magadi makali, kisha kuvisugua kwa brashi, na kazi hiyo ilifanyika Unguja na pia ng'ambo. Kwako wewe maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki wa zamani vinatosha.

Sasa kuhusu kujihakikishia. Chukua kipande kidogo kisicho na thamani kwako. Anza na ukucha: chakazi changa hupata alama ukiikwaruza, lakini sandarusi iliyokomaa haipati. Kisha weka tone moja la asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, juu ya sehemu iliyosafishwa, na baada ya nusu dakika gusa kwa kidole. Utomvu mchanga utanata na kuacha alama ya kidole, sandarusi iliyokomaa italainika kidogo tu au kupoteza mng'ao, na kaharabu halisi haitajali. Jaribio hili ndilo ninaloliamini zaidi kati ya yale yanayoweza kufanyika nyumbani, na wanunuzi waangalifu wa mapambo huanza nalo, kwa kuwa sandarusi iliyopashwa joto na kung'arishwa huuzwa kwa jina la kaharabu katika masoko mengi duniani. Jaribio la maji ya chumvi husaidia kutenga kioo: yeyusha chumvi katika glasi ya maji mpaka ikatae kuyeyuka zaidi, utumbukize kipande, na sandarusi itaelea ilhali kioo kitazama. Katika maji matupu sandarusi huzama taratibu, kwa kuwa uzito wake unazidi ule wa maji kwa kiasi kidogo sana. Lakini baadhi ya plastiki nazo huelea katika maji ya chumvi, kwa hiyo jaribio hili lisisimame peke yake. Ukipasha sindano moto na kuigusisha kwenye kona, sandarusi hutoa harufu ya mti, yenye ukali unaokaribia ndimu, na plastiki hutoa harufu mbaya ya kuungua. Ukisugua kipande kwa kitambaa cha sufu, kitavuta vipande vidogo vya karatasi kwa umeme tuli. Sifa hiyo kaharabu nayo inayo, kwa hiyo haitawatenganisha hao wawili.

Naja kwenye vanishi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiyo kazi yako na ndiyo iliyoijengea sandarusi jina. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, alifika Unguja. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta shehena za kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho hadi leo tunakiita merikani, wakarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Huko Salem mtu aitwaye Jonathan Whipple aliendesha kiwanda cha kuisafisha, na wanunuzi wa Hamburg na Bombay nao walikuwa na hamu nayo. Vanishi iliyotokana nayo ilipakwa kwenye magari ya farasi, mabehewa ya reli na samani za bei kubwa, kwani ilistahimili mvua, kusuguliwa na kufutwa kila siku kuliko vanishi nyingine nyingi za wakati ule. Katika vitabu vya biashara vya karne ya 19 sandarusi ya Zanzibar iliwekwa katika daraja la juu kabisa la ugumu, na nadhani ni haki watu wa Kibiti, Rufiji na Bagamoyo wajue kwamba bidhaa hiyo ilichimbwa na babu zao.

Lakini ilipikwaje? Sandarusi iliyokomaa haiyeyuki katika spiriti ila kwa kiasi kidogo, haiyeyuki katika tapentaini, na haichanganyiki na mafuta ya kitani hata yakichemka, mpaka kwanza ivunjwe kwa joto. Mpishi aliitia katika chungu kirefu cha shaba na kuipasha mpaka ivuke nyuzi joto 300 za Selsiasi. Hapo iliyeyuka kwa povu, ikatoa moshi mzito unaochoma macho na unaoshika moto kwa urahisi, na kupoteza karibu sehemu moja ya tano hadi robo ya uzito wake. Povu likitulia, mafuta ya kitani yaliyopashwa moto katika chungu kingine yalimiminwa humo kidogo kidogo huku yakikorogwa, kisha mchanganyiko ukapikwa tena mpaka tone lake likivutwa kati ya vidole litoe uzi. Baadaye, mbali kabisa na moto na baada ya kupoa kiasi, ndipo tapentaini ilipoongezwa ili vanishi ipakike, na mapipa yakaachwa miezi mingi ili takataka zitulie chini. Vyungu vya wapishi hao viliwekwa juu ya gari dogo la magurudumu ili viweze kuvutwa haraka kutoka motoni povu lilipopanda, na viwanda vyao vilijengwa mbali na makazi ya watu kwa sababu ya moto. Waliofanya hivyo walikuwa mafundi wa miaka mingi. Katika karakana yenye vumbi la mbao na maranda yaliyotapakaa sakafuni, sufuria moja ya sandarusi iliyofurika ingechukua karakana yote na pengine nyumba ya jirani.

Kwa samani zako, vanishi za dukani za aina ya alkidi au poliyurethani zinafanya kazi ileile na kwa mambo mengi zinaishinda ya kale. Ndizo, pamoja na sandarusi ya Kongo iliyokuwa rahisi na nyingi mwanzoni mwa karne ya 20, zilizoiondoa sandarusi yetu sokoni. Nisingependa uone aibu katika hilo. Kama unataka sana kuonja kazi ya kale, tumia chakazi, kwa kuwa sehemu yake huyeyuka katika spiriti bila moto wowote. Iponde iwe unga laini, itie katika chupa yenye kifuniko pamoja na spiriti kiasi cha mara nne au tano ya unga, uitikise kila siku kwa wiki moja, kisha uchuje kwa kitambaa na kuacha masimbi ambayo hayakuyeyuka. Utapata vanishi nyepesi inayokauka haraka, inayofaa kijisanduku, kinyago au mkono wa fimbo. Kwa meza ya kulia haifai, kwani itapata madoa ya maji moto na itakwaruzika. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko na sigara. Na kwa kuwa nimetaja mafuta ya kitani, nakuomba ulizingatie hili hata kwa kazi zako za kawaida: matambara yaliyolowa mafuta hayo yakikunjwa na kurundikwa hupata joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila mtu kuyagusisha moto. Yatandaze nje yakauke, au yatie ndani ya chombo chenye maji.

Matumizi ya nyumbani yaliyo rahisi zaidi ni kufukiza. Ponda kipande kiwe chembe za ukubwa wa punje ya mchele, weka chache juu ya kaa lililoshika vizuri ndani ya chetezo, na moshi wake utakuwa na harufu ya msitu, kali kuliko ubani na isiyo na utamu wa udi. Wengi huipenda zaidi ikichanganywa na ubani, sehemu moja ya sandarusi kwa mbili au tatu za ubani, na mimi naona mchanganyiko huo ni bora, kwa sababu sandarusi peke yake hutoa masizi meusi yanayochafua dari. Usiweke chembe kubwa kwani zinaweza kuwaka mwali. Fungua dirisha, na usifukize chumbani mwa mtoto mchanga au mtu mwenye pumu. Watu watakuambia kwamba moshi huo ni dawa ya kifua. Moshi wowote unaovutwa huwasha njia ya hewa, kwa hiyo nakushauri usiutumie kwa nia hiyo, na usimpe mtu unga wake anywe.

Kwa kuwa una misumeno na msasa, unaweza pia kutengeneza shanga, vifungo au vito vidogo vya kupachika katika kazi zako za mbao, na kwa fundi wa mbao naona hiyo ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kuitumia. Kata kwa msumeno wa meno madogo, polepole, na msasa utumike ukiwa na maji, kuanzia ulio mkali hadi ule laini kabisa. Epuka mashine inayozunguka kwa kasi, maana joto la msuguano huilainisha sandarusi na kuifanya ijikokote kwenye msasa, na unapotaka kutoboa tumia keekee ya mkono. Malizia kwa kitambaa na unga laini wa kung'arishia. Kipande kilichokamilika kisisafishwe kwa spiriti wala kuguswa na marashi, na kisiachwe juani au karibu na jiko, kwa sababu uso wa sandarusi hupasuka nyufa nyembamba kama unyevu na mafuta mepesi yaliyobaki yanatoka kwa haraka. Kikikaa ndani ya kitambaa, katika kisanduku kilichofungwa, mahali pasipo na joto, kitadumu. Kwa kazi nyingine za utomvu, kama vile kulehemu nyaya za umeme au kupaka uta wa fidla, usiipoteze sandarusi. Kinachohitajika huko ni yale mabaki magumu ya rangi ya kahawia yanayopatikana utomvu wa paini ukikenekwa ili kutoa tapentaini, nayo huuzwa kwa bei ndogo.

Kabla hujakata kipande chochote, kisafishe na ukishike mbele ya jua. Ukiona mdudu, jani, ua au bawa ndani yake, kiweke kando kizima kama kilivyo. Vitu hivyo ni kumbukumbu ya misitu ya pwani kabla haijafyekwa, na wanasayansi huvitumia kujua ni viumbe gani waliishi humo, lakini kumbukumbu hiyo hupungua thamani kama haijulikani kipande kilitoka wapi. Andika jina la kijiji, kina cha shimo na aina ya udongo, ukifunge pamoja na karatasi hiyo, na uwaonyeshe wataalamu wa Makumbusho ya Taifa au wa idara ya mimea ya chuo kikuu kilicho karibu nawe.

Kuhusu kuendelea kuchimba shambani ili kutafuta vingine, sikushauri ufanye kwa kukisia. Vipande hupatikana kwa kutawanyika, mashimo katika udongo wa kichanga hubomoka na kufukia watu, na mizizi ya mikorosho ya babu yako itaumia kwa ajili ya kitu ambacho soko lake leo ni dogo. Ikiwa kuna msandarusi uliosimama jirani, unaweza kuokota chakazi iliyodondoka chini yake bila kuugusa mti. Usitie panga kwenye shina ili utoke utomvu zaidi, kwa kuwa majeraha mengi huuchosha mti na kufungulia njia wadudu watobozi wa mbao. Mbegu zake huota, nawe una shamba: zilizo ndani ya yale matunda yenye vinundu zitolewe kwa kuvunja ganda, zilowekwe katika maji usiku mmoja, na zipandwe mwanzoni mwa mvua za masika mahali ambapo miche haitazibwa na mikorosho.